Sabini na Nane kwa Tatu

Usiku ule Deodata hakuweka komeo. Aliuegesha tu mlango wake, mlango wa makopo ya mafuta ya msaada yaliyopasuliwa, yakanyooshwa kwa nyundo na kupigiliwa kwenye mbao, kila kopo na maandishi yake ya Kiingereza kwamba bidhaa hii haiuzwi. Alikuwa ameununua sokoni, kama wenzake wote wa Kanazi, kule Ngara. Kisha akavuka ua hadi kwa jirani yake Shibuda, Msukuma wa kuhamia, akakaa juu ya kinu kilicholazwa ubavu, akangoja redio imwambie kama mwanawe mzima.

Redio ya Shibuda ilishikiliwa na mpira wa baiskeli ili isifunguke tumbo, na betri zake zilikuwa zimeshinda juani mchana kutwa ili zipate nguvu. Wanaume walikuwa wameuzunguka mtungi wa pombe ya ndizi, kila mmoja na mrija wake. Mtendaji wa kata, Bwana Nshoma, alikuja na kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani, kwa sababu hakupenda kukaa chini ya usawa wa redio.

Redio ikasema bei ya pamba. Ikasema tena, kama ilivyosema jana na juzi, kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wanatakiwa wawe wamerudi kwao kabla ya mwaka tisini na sita kwisha. Ikaingia kwenye kandanda na kukaa humo muda mrefu. Halafu mtangazaji akakohoa kidogo.

“Timu yetu ya taifa ya raga, iliyo ziarani Ulaya, leo imecheza mchezo wake wa mwisho. Vijana wetu walionyesha moyo mkubwa, na wenyeji wamewasifu kwa nidhamu. Wenyeji walipata sabini na nane, nasi tukapata tatu. Hali ya hewa huko ni ya baridi.”

Kisha ukafuata muziki. Pale kwenye mtungi hakuna aliyevuta mrija.

“Tatu,” Bwana Nshoma akasema hatimaye. “Jamani, kufunga matatu ugenini, tena Ulaya, si jambo dogo.”

“Na zile sabini na nane?” Shibuda akauliza.

“Hizo ni za kwao. Kila nchi ina hesabu zake.”

Wenzake wakakubali, maana ilikuwa pombe nzuri na hawakutaka iharibike. Jumapili iliyofuata Bwana Nshoma aliwatangazia watu nje ya kanisa kwamba Kanazi imefunga mabao matatu Ulaya. Watu wakapiga makofi.

Deodata peke yake aliishika ile hesabu nyingine. Hakuujua ule mchezo vizuri, lakini aliwahi kuona jinsi unavyochezwa: wanaume wenye shingo kama za mafahali humwangukia mtu mmoja aliyeshika mpira. Sabini na nane aliiona kama hesabu ya kipigo. Alirudi nyumbani akijiuliza ni mara ngapi kati ya hizo aliyekuwa chini alikuwa mwanawe Juvenali.

Ndivyo alivyokuwa. Mjane wa makamo, darasa la nne, mtoto mmoja, na macho yasiyopumzika. Ndege ya msaada ikipita juu aliacha jembe, akaitazama mpaka ipotee, asije mtu akaangukiwa. Mgeni akibisha hodi alimuuliza kutoka ndani yeye nani na mtoto wa nani, na hata katekista alipaswa kujibu. Mwaka tisini na nne, watu walipovuka daraja la Rusumo kuja huku, alikuwa kwenye maharage. Aliona barabara ya mbali imejaa, akadhani mwanzoni ni ng’ombe wanahamishwa. Alipotambua ni watu alichukua mtungi wa maji akaenda kuwapa, na maji yakaisha kabla hajalifikia kundi la pili.

Mwaka ule wa kwanza miti ilikwenda, mbuzi wakaenda, na bei ya chumvi ikapanda. Lakini yalikuja mahindi. Yalikuja kwa malori, na kunde, na mafuta kwenye yale makopo, na kila mkimbizi alikuwa na kadi ya kupokelea. Jirani yake Speciosa ndiye aliyemfungua macho.

“Shoga, wewe unalima unakula nini? Wenzako wameshakuwa wakimbizi.”

“Nitakuwaje mkimbizi nami nimezaliwa hapo kwenye migomba?”

“Kihangaza chetu na Kinyarwanda chao, Mzungu atajua wapi pa kutofautisha? Jina lolote la kwao litafaa. Ila uwe na watoto. Asiye na watoto anapewa kidogo.”

Deodata akaazima watoto. Watatu walikuwa wa Speciosa, wengine wa majirani, jumla sita, akawavua viatu wale waliokuwa navyo, akapanga nao foleni. Mbele yake alisimama mama mmoja wa Kanazi ambaye muda mfupi uliopita alikuwa ameandikisha watoto wale wale sita. Nyuma yake Speciosa alikuwa anangoja zamu yake ya kuwachukua. Mzungu wa kike akaandika bila kuinua kichwa: Mukeshimana, mjane, watoto sita. Tangu siku hiyo kila mgawo Deodata alikwenda akiwa Mukeshimana na kurudi akiwa Deodata, na gunia kichwani.

Bwana Nshoma alikuwa na kadi mbili. Hakuna aliyelizungumza, kwa kuwa kila aliyelijua alikuwa na yake.

Juvenali yeye alipata kazi ya kupakua magunia kwenye ghala la kambi. Jina lake la ukoo ni Nshimirimana, na ukubwa wake aliurithi kwa babu yake. Alibeba gunia la mahindi kama mwingine anavyobeba mto wa kulalia. Pale kambini kulikuwa na Mzungu wa mabomba ya maji, mtu mpweke aliyezunguka na mpira mrefu wenye umbo la papai kwenye gari lake. Siku moja alimwona Juvenali anakimbia mvua na gunia begani. Inasemekana Mzungu yule alikaa chini kwenye matope.

Baada ya hapo wapakuzi wote wakawa timu. Shibuda alikwenda kuwatazama mara moja, akarudi kumsimulia Deodata, ambaye alimwita mama kwa Kisukuma chake.

“Mayu, nimeuona huo mchezo. Ukitaka mpira uende mbele, unaurusha nyuma.”

“Nyuma?”

“Nyuma. Ukiurusha mbele ni kosa. Nadhani serikali itaupenda.”

Serikali sijui, lakini timu ya taifa huko Dar es Salaam ilipenda. Ilikuwa na vijana wa benki na wa chuo, wepesi na wenye miwani, na haikuwa na watu wazito wa kusukumana mbele. Mzungu wa maji aliandika, Juvenali akaitwa, akajaribiwa, na aliyekuwa anamjaribu akapelekwa hospitali. Wakati wa mvua za vuli ikatangazwa kwamba timu inakwenda ziara ya Ulaya na Juvenali yumo.

Siku ya kuondoka Bwana Nshoma alisimama kwenye kituo cha basi na kusema, “Huyu ni damu ya Kanazi. Huyu ni mtoto wangu.” Alimshika mkono muda mrefu, mpaka utingo akapiga bodi la basi.

Deodata hakuhutubia. Alikuwa amekesha akifunga begi: sweta, rozari, karanga za kukaanga. Na chini kabisa, ndani ya kitambaa cha begi, alikuwa ameishonea ile kadi ya Mukeshimana.

“Mama, hii ya nini?” Juvenali alimuuliza alipoipapasa.

“Hao wanaogawa mahindi wametoka wapi?”

“Ulaya.”

“Basi. Ukishikwa na njaa huko, ulizia ofisi yao. Usiwe na haya.”

“Mama, Ulaya hakuna foleni ya mahindi.”

“Umeshafika?”

Juvenali akacheka, akaiacha kadi ikae ilipo, kwa kuwa kumbishia mama yake kuna mwanzo lakini hakuna mwisho. Ukiachia hapo, mtu angesema lilikuwa jambo dogo la mama mwoga.

Timu ilitakiwa kurudi kabla ya Krismasi. Siku basi lilipofika kutoka Dar, Deodata alikuwa kituoni tangu asubuhi. Lilishusha watu, magodoro, kuku, na mtungi wa gesi. Mlango ukafungwa. Akazunguka basi upande wa pili, kana kwamba mtu mwenye ukubwa ule angeweza kushukia dirishani bila kuonekana.

“Unamtafuta nani, mama?” utingo akamuuliza.

“Kijana mkubwa. Mchezaji.”

“Mwenye koti la kijani lenye nembo? Huyo tulimwacha Nyakahura. Kizuizini.”

Utingo akamsimulia, na hakupunguza kitu. Pale sokoni Nyakahura barabara ilikuwa imefungwa kwa gogo, na mgambo walikuwa wanawashusha abiria wote na kuwatenga wakimbizi. Wakamtazama Juvenali: mrefu, jina la Nshimirimana, ametoka mbali na begi jipya. Kitambulisho? Akasema pasipoti anayo Mwenyekiti wa kamati ya ziara, ambaye amezikusanya za wachezaji wote uwanja wa ndege ili zisipotee, akaenda nazo kwake. Akasema yeye ni wa timu ya taifa.

“Timu ya taifa naijua majina yote,” mgambo mmoja akasema. “Unacheza namba ngapi?”

“Namba tatu. Ya raga.”

Wakaulizana raga ni nini. Hapakuwa na aliyejua, ikahesabiwa kuwa uongo wa kwanza. Wakamwambia aimbe wimbo wa taifa. Juvenali, ambaye huko ziarani alikuwa anauimba kabla ya kila mchezo, alisimama wima, akaweka mkono kifuani na kuuimba wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti nzito, hata wauza vitunguu wakasimama.

“Mnaona?” mkubwa wa mgambo akasema. “Huyu amejifunza. Mtanzania wa kweli angeshatafuna maneno pale katikati.”

Wakapekua begi. Wakachana kitambaa.

“Mukeshimana, mjane, watoto sita,” mkubwa wao akasoma. “Wewe ndiye Mukeshimana?”

“Hapana.”

“Watoto umewaacha wapi?”

Akapandishwa lori la kwenda darajani pamoja na wengine. Utingo alisema alipanda kimya, ila alimsaidia bibi mmoja kupandisha mkeka wake.

Deodata alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaondoka. Njiani miguu yake ilikwenda nyumbani kwa Bwana Nshoma bila yeye kuiambia. Alimkuta Mtendaji uani anaota jua.

“Mtendaji, wamemvusha Juvenali. Wamesema ni mkimbizi. Twende ukaseme unamjua.”

Bwana Nshoma alikuna goti. “Juvenali yupi?”

“Yule mtoto wako.”

“Nshimirimana,” akasema polepole, kama mtu anayeonja mboga kama ina chumvi. “Majina hayo ni mengi, mama. Ukienda upande wa pili, kila nyumba ina Nshimirimana. Mimi ni kiongozi, siwezi kwenda kuapa kwa jina.”

“Huapi kwa jina. Unaapa kwa mtu. Ulimshika mkono pale kituoni.”

“Wamemkuta na nini?”

“Kadi.”

Bwana Nshoma akatazama mlango wake mwenyewe, ambao nao ulikuwa wa makopo, tena mapya. Akashusha sauti. “Sasa fikiri. Mimi nikisema kadi ile si ya mkimbizi, wataniuliza ni ya nani. Nikisema ya mtu wa Kanazi, watauliza watu wa Kanazi wangapi wanazo. Unataka kata nzima iingie kwenye lori? Rudi nyumbani. Serikali ina utaratibu wake. Atarudi.”

“Kwa utaratibu gani?”

“Huo huo.”

Alikwenda kwa Speciosa. Speciosa alilia naye kwa dhati, akampa ndizi za njiani, na akasema mgongo unamuuma. Alikuwa ameichoma kadi yake jikoni asubuhi ile ile.

Aliyekwenda naye ni Shibuda. Hakuuliza maswali. Alivaa kofia yake ya kizee, akakata fimbo, akamwagiza mkewe akamue maziwa ya jioni, akasema, “Mayu, twende. Mimi nikifungua mdomo tu hakuna mtu atakayenipeleka Rwanda.”

Walipata lifti ya lori la mbao mpaka njia panda, wakatembea sehemu iliyobaki. Kutembea kwenyewe kulikuwa ni kubebwa, kwa maana barabara ilikuwa imejaa watu wanaokwenda upande ule ule. Walibeba mikeka, masufuria, maturubai ya buluu yaliyokunjwa, wagonjwa mgongoni. Kilichosikika ni nyayo tu na mtoto mmoja mmoja. Deodata alitembea pembeni ya mwanamke aliyekuwa na watoto wanaomfuata kwa kamba aliyoifunga kiunoni ili wasipotee. Aliwahesabu bila kutaka. Walikuwa sita. Wake hawakuwa wa kuazima. Deodata akazitoa zile ndizi za Speciosa, akawapa, na hakumtazama yule mama usoni.

Karibu na daraja, chini ya turubai, alikaa afisa mmoja kijana na meza ya kukunja.

“Shikamoo, mama,” afisa akasema.

“Marahaba, afande. Namtafuta mwanangu. Amevushwa kwa makosa.”

“Wote waliopita hapa wamevushwa kwa makosa, mama. Waulize wenyewe. Anaitwa nani?”

“Nshimirimana Juvenali.”

“Huyo sijampata. Niliyempata ni Mukeshimana.” Akachomoa kadi mfukoni, inaonekana aliiweka kwa sababu ilimchekesha. “Mwanamume mrefu, koti la kijani, mjane, watoto sita.”

“Mukeshimana ni mimi.”

Shibuda akakohoa. Afisa akamtazama Deodata vizuri kwa mara ya kwanza.

“Wewe? Wa Rwanda?”

“Wa Kanazi. Nilitaka mahindi.”

“Na hawa sita?”

“Niliwaazima.”

Afisa akaweka kalamu mezani. “Sikiliza, mama. Kama wewe ni Mukeshimana, nami nina amri, unavuka sasa hivi, daraja hilo hapo. Kama si Mukeshimana, umekula mahindi ya watu kwa udanganyifu, nalo lina kesi yake. Chagua.”

Deodata alilitazama daraja. Chini yake mto ulikuwa unanguruma kwenye mawe na huwezi kuusemesha. Akafikiri kwamba akivuka angeweza kumwona Juvenali leo leo. Halafu akafikiri nani basi angebaki upande huu wa kusema kwamba Juvenali ni wa huku.

“Niandike mwizi,” akasema.

Afisa hakuandika. “Na wenzako wa Kanazi? Nani mwingine alikuwa na kadi?”

Hapo palikuwa na nafasi ya kumtaja Bwana Nshoma, na kadi zake mbili, na mlango wake mpya. Jina lilifika ulimini.

“Mimi nimekuja kusema yangu, afande.”

“Nami niseme yangu,” Shibuda akadakia. “Mimi nilijaribu, wakanifukuza. Waliniuliza natoka wilaya gani ya Rwanda, nikasema Kahama.”

Afisa alijitahidi, lakini kicheko kilimshinda, akageuka upande wa mto mpaka kikaisha. Aliporudi uso wake ulikuwa umelegea.

“Huyo kijana kweli anachezea taifa?”

“Kweli.”

“Na huko Ulaya walishinda?”

Alimtupia swali kama mtu anayemtupia mwenzake kamba. Mama mwingine yeyote angeidaka. Deodata akafikiri tu kwamba ameulizwa, na anayeulizwa hujibu.

“Walifungwa sabini na nane kwa tatu.”

Afisa akaigeuza kadi mkononi. “Nimekaa hapa tangu mwanzo wa mwezi,” akasema. “Kila anayekuja kunidanganya ana ushindi ndani ya hadithi yake. Hakuna aliyeniletea kipigo cha namna hiyo.” Akairudisha kadi mfukoni. “Lakini ameshavuka. Mimi nina amri ya kuvusha kwenda. Ya kuvusha kurudi sina. Wale wa ng’ambo wakimkataa wakamrudisha darajani, nitamuuliza walifungwa ngapi. Akijibu kama ulivyojibu, sikumwona akipita. Kadi inabaki kwangu.”

“Baki nayo, afande.”

Akarudi Kanazi kungoja. Krismasi ikaja. Hakupika pombe, na kanisani alikaa karibu na mlango. Bwana Nshoma alipompita alitazama misalaba ya ukutani, mmoja baada ya mwingine, kama anaikagua. Siku zile watu waliweka komeo mapema, kwa kuwa msako ulikuwa haujaisha na kila mwenye jina refu alijiogopa. Deodata naye aliweka. Alikuwa ameona mlango ulioegeshwa haumleti mtu.

Mvua kubwa ya mchana ilikuwa inapiga bati alipodhani amesikia hodi. Akasimama na mwiko mkononi.

“Nani?”

“Fungua, mama.”

“Mama wa nani? Sema jina lako.”

“Jina ndilo lililonivusha,” sauti ikasema. “Sabini na nane kwa tatu.”

Komeo lilikuwa la mti wa mkaratusi, na alilitoa kwa mkono mmoja, jambo ambalo hajawahi kuliweza tena. Juvenali aliinama kupita. Koti la kijani lilikuwa limepasuka bega na jicho moja lilikuwa bado la zambarau. Deodata alimpapasa kichwa, shingo, mabega, mbavu, kama anavyokaguliwa mbuzi wa mnadani, na aliporidhika kwamba hakuna kilichopungua ndipo akakaa chini na kulia.

Alikula kwanza, kisha akaeleza. Ng’ambo walimuuliza kilima chake ni kipi. Akasema Kanazi ya Ngara. Wakamuuliza baba yake alizikwa wapi, akasema Kanazi. Wakamwambia wao wanapokea watu wao, wa Tanzania wana kwao, wakamrudisha darajani. Afisa alimuuliza swali moja tu, kisha akageuka kutazama mto.

“Na Ulaya?” Deodata akauliza. “Mlikula?”

Walikula. Waliokula zaidi ni kamati. Ndege ilibeba viongozi wengi kuliko wachezaji: Mwenyekiti, makamu wake wawili, mweka hazina, daktari wa meno, na mshauri wa chakula, ambaye ni shemeji wa Mwenyekiti. Ili shemeji apate nafasi, aliandikwa kwamba ni mchezaji wa akiba. Mchezo wa mwisho watu waliumia mpaka akiba ikamfikia yeye. Akavalishwa viatu. Alikimbia kwa bidii dakika zote, daima upande ambao mpira haupo, na Mwenyekiti akamsifu kwa kutopata jeraha. Kila karamu Mwenyekiti alihutubia kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Zile tatu zilipopatikana, kwa mkwaju wa adhabu, aliingia uwanjani na kupiga picha na mpira.

“Na wale wa kule, pasipoti waliikubali?”

“Waliitazama, wakasema ‘Tanzania’, wakagonga muhuri.” Juvenali alisukuma sahani. “Hakuna aliyeniambia niimbe, mama.”

Kesho yake asubuhi Kanazi ilikuwa inajua. Kabla jua halijapanda, ngoma ilisikika inakuja kwenye njia ya migomba. Deodata alichungulia kwenye upenyo. Mbele alikuwa Bwana Nshoma mwenye shati jeupe, nyuma yake bwana mmoja wa michezo kutoka wilayani, mpiga picha wa sokoni, Speciosa aliyepona mgongo, na watoto wa kutosha kuandikisha kambi nzima. Nyuma kabisa Shibuda alikuwa anakuja polepole na kibuyu cha maziwa.

“Hodi humu ndani,” Bwana Nshoma akaita. “Mama Juvenali, tumekuja kumpokea kijana wetu. Wilaya imekuja, na picha ipo. Tutoleeni Nshimirimana wetu.”

Juvenali alianza kuinuka mkekani. Mama yake akamwonyesha kiganja, akakaa.

“Nshimirimana yupi?” Deodata akauliza kutoka ndani.

“Wa hapa, mama. Wa Kanazi.”

“Majina hayo ni mengi, Mtendaji. Ukienda upande wa pili, kila nyumba ina Nshimirimana. Siwezi kuapa.”

Ngoma ikasita. Bwana wa michezo akamuuliza Bwana Nshoma kama nyumba ni hii kweli. Bwana Nshoma akacheka peke yake, akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini, akiwa ameweka mdomo kwenye bati, “Mama, usiniaibishe mbele ya watu. Fungua tu.”

Deodata akachukua komeo la mkaratusi, akaliingiza mahali pake, akalisukuma mpaka likagonga ukuta. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, “Baba Shibuda, wewe pitia nyuma, jikoni. Kuna mlango.”